Kumbukumbu ya mradi: kisu cha kukunja chenye mpini wa mti

Kisu chenyewe ni Opinel namba 8, kile cha chuma cha kaboni. Asili yake ni Savoie, upande wa milima ya Ufaransa, ambako Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890. Namba ni ya ukubwa. Hii ya 8 ina bapa la sentimita 8.5. Kina vipande vitano tu: bapa, mpini, pini, pete ya ndani na pete ya kufungia. Nataka kifunguke vizuri majira yote na kikae na makali, bila kukibomoa.

Mazungumzo mengi ya kutunza visu huanzia kwenye makali. Kwa kisu cha namna hii mimi naanzia kwenye mti, kwa sababu bapa linapita katikati ya mashavu mawili ya mbao na mbao haitulii. Hewa ikiwa na unyevu inavimba, na huvimba kwa upana wa nyuzi za mti, kwa urefu karibu si kitu. Kwa hiyo mpini haurefuki kiasi cha kuonekana, ila mwanya wa bapa unabana, kama mlango wa mbao unavyogoma kufunguka wakati wa mvua. Wenyeji wa Savoie wana dawa yao: unahakikisha pete haijafunga, unagonga kona ya kitako cha mpini juu ya kitu kigumu, na bapa linachomoza kiasi cha kushikika. Inafanya kazi kweli. Hata hivyo, kisu kinachohitaji kugongwa kila mara kinaomba matengenezo.

Nilianza kwa kukikausha polepole, ndani, mbali na jua na moto, maana mti ukikaushwa kwa pupa unapasuka. Ukavu huo ni muhimu kabla ya kugusa msasa. Ukiusugua mwanya wakati mti umevimba hadi bapa lipite vizuri, siku mti ukisinyaa bapa litacheza kushoto na kulia, na hakuna skrubu ya kukaza. Ile ni pini iliyogongwa moja kwa moja.

Ulipokauka nilimulika tochi ndani ya mwanya. Shavu moja lilikuwa na alama nyeusi inayong'aa, ukubwa wa punje ya mchele, karibu na pini. Hapo ndipo bapa lilikuwa linasugua, na kwingine kote mbao ilikuwa safi. Nikakunja msasa namba 400 juu ya kipande cha kadi ngumu, nikasugua pale pale tu, nikafuta vumbi, nikafungua na kufunga, nikasugua tena kidogo. Alama ilipofifia niliacha, ingawa mkono ulitamani kuendelea.

Nje ya mpini niliondoa vanishi yote kwa msasa, kwa sababu mafuta hayapenyi juu ya vanishi. Kisha mafuta ya mbegu za kitani, safi, yasiyochanganywa na dawa ya kukausha, kwani kisu hiki kinakata chakula. Paka kidogo, acha yanyonywe, futa yote yaliyobaki juu, halafu subiri. Subira ndiyo kazi yenyewe: mafuta yasiyo na dawa huchukua siku nyingi kukauka, na ukipaka mkono wa pili mapema unabaki na mpini unaonata. Kwenye pini sikuyapeleka kabisa, kwa kuwa yakigandia hapo yanakaza bapa upya. Pini ilipata tone moja la mafuta mepesi ya madini, aina inayofaa kugusa chakula.

Na hili nalisema kwa mkazo: kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikifinyange na kukitupa kwenye pipa. Mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni, na yakivuta hutoa joto; kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandaze nje hadi kikauke kikakamae.

Makali yalikuwa kazi nyepesi zaidi. Chuma hiki kina kaboni karibu asilimia 0.9 na kinakubali kunolewa upesi. Nilipaka wino wa maka peni kwenye ukingo wa makali, nikapitisha mara moja kwenye jiwe la kunolea namba 1000, nikatazama. Wino ukiondoka juu tu, mgongo wa bapa umelala mno; ukiondoka kwenye ncha ya makali peke yake, umeinuka mno. Natumia pembe ya kama nyuzi 20 kila upande. Baada ya hapo jiwe laini zaidi, namba 3000, kisha kukipitisha juu ya ngozi ya kulainishia makali, mgongo wa bapa ukitangulia.

Bapa sasa limeanza kupata rangi ya kijivu yenye samawati baada ya kukata vitunguu na matunda. Nimeiacha. Kutu nyekundu inakula chuma, lakini utando huu unatulia juu na kupunguza nafasi ya kutu. Wapo wanaouharakisha kwa siki. Mimi naona ule unaokuja kwa matumizi unakaa vizuri zaidi. Masharti yake ni kukisuuza haraka, kukifuta, na kukiacha wazi kwa muda kabla ya kukikunja. Kulowekwa ni mwiko.

Kilichobaki ni pete ya kufungia, ile aliyoiongeza Marcel Opinel, mwana wa Joseph, mwaka 1955. Inazunguka kwa shida, na kabla ya kufikiria kuitanua kwa koleo nitaisafisha kwanza kwa mswaki mkavu, kwani naona vumbi la mbao limejipenyeza chini yake. Hadi izunguke bila kukwama, kisu hiki ninakata nacho vitu laini tu, na kila ninapokifungua nahakikisha pete imefunga.