Watoto Waliokufa Bila Ubatizo
Katika jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki hapa Ubungo wapo wazee waliofundishwa utotoni kwamba mtoto mchanga akifa kabla ya kubatizwa huenda limbo, mahali pasipo mateso lakini asikoweza kumwona Mungu, ingawa fundisho hilo la wanateolojia wa Zama za Kati (na hili wengi hawakuambiwa) halikuwahi kutangazwa kuwa dogma, yaani fundisho rasmi ambalo kila Mkatoliki lazima aliamini. Katekisimu ya mwaka 1992, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, hailitaji kabisa, bali huwakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, Tume ya Kimataifa ya Teolojia, jopo la wanateolojia wanaoishauri Vatikani, ilieleza kuwa ipo misingi mizito ya kutumaini wokovu wao, pasipo kudai uhakika. Kwangu badiliko hilo ni la haki, japo limewachelewea mno akina mama waliozika watoto wao wakiamini kwamba hawatakutana nao mbinguni.