Kutoka Mombasa hadi Kasigau na taa mbili mbele

Funzo langu la taa za pikipiki lilianzia Tiwi, ufuoni kusini mwa Mombasa. Niliamka alfajiri, nikakunja hema, nikageuza ufunguo, na dashibodi ikabaki nyeusi. Usiku wake nilikuwa nimewasha zile taa mbili za LED nilizofunga mbele ya pikipiki, tupate mwanga wa kupikia samaki. Ziliwaka tangu saa moja mpaka saa tatu na kitu, tukila na kupiga soga, na betri ikafa kimya kimya. Pikipiki yangu ni ya injekta. Betri ikiisha kabisa, pampu ya petroli haifanyi kazi, kwa hivyo hata ukisukuma haiwaki. Na kusukuma kwenye mchanga wa ufuoni ni adhabu peke yake. Alituokoa mwenye tuktuk aliyetuazima betri yake kwa dakika kumi.

Kwa hivyo kabla ya safari ya Kasigau, mlima ulioko Taita-Taveta, niliipeleka pikipiki kwa fundi wa umeme, mzee mmoja wa Majengo ambaye amekaa na nyaya kuliko nilivyokaa duniani.

"Nani alikufungia hizi?"

"Nilifunga mwenyewe, ami."

Hakunigombeza. Alikata kipande cha waya kwa wembe, akaubambua mpira na kunisogezea karibu na macho. Shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani kama ukoga wa birika. Hewa yetu ya Mombasa ina chumvi, na chumvi ikishapenya kwenye kiungo kilichofungwa kwa tepu tu, waya unaoza huku kwa nje unaonekana mzima. Kisha akaunganisha mita yake kwenye taa moja. Duka nililonunua liliandika wati 60 kwenye boksi. Mita ilisoma ampia 1.5. Piga hesabu: volti 12 mara 1.5 ni wati 18.

"Hizo sitini ni za boksi, mwanangu. Taa ni kumi na nane."

Iliniuma, kwa sababu pesa nilizotoa zilikuwa za sitini. Lakini nilipotulia niliona wati 18 za kweli zinanitosha. Taa yangu kubwa ina balbu ya H4, inayokula wati 55 kwenye dim na 60 kwenye ful. Pikipiki haina alternata ya gari, na kila wati unayoongeza inatoka kwenye fungu lile lile linalochaji betri. Na hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea Tiwi. Taa mbili zilikula ampia 3, betri yangu ni ya ampia-saa 7, yaani inaweza kutoa ampia moja kwa saa saba, na injini imezimwa. Saa mbili na ushei, kwisha.

Alifumua kazi yangu yote akaanza upya. Waya mnene kutoka betri, fyuzi ya ampia 5 karibu kabisa na betri, kisha relei, yaani swichi inayowashwa na umeme. Mguu wa 30 unapokea umeme wa betri, wa 87 unaupeleka kwenye taa, wa 85 unashika bodi, upande wa hasi. Wa 86 unatoka kwenye waya wa taa ya nyuma kupitia swichi ya usukani, kwa hivyo ufunguo ukizimwa, taa za mbele haziwezi kuwaka hata ukisahau swichi. Kila kiungo alikibana kwa koleo, akakipaka grisi, akakivisha mpira ule unaonywea ukipashwa moto. Halafu tukaisogeza pikipiki mita tano kutoka ukuta wa jirani, nikaipanda, naye akaziinamisha taa mpaka kitovu cha mwanga kikakaa chini ya kile cha taa kubwa. "Mwenye lori naye ana mama yake," alisema.

Nikamwomba kitu kimoja zaidi: njia ya pili, mbali kabisa na hizi, yenye fyuzi ya ampia 2 na soketi chini ya kiti. Humo ningechomeka utepe wa LED wa mita moja, rangi ya manjano, niliougundisha ndani ya mfuniko wa sanduku la nyuma. Unakula wati 5, hata nusu ampia haifiki. Hii ndiyo taa ya kambi.

Tulitoka Jumamosi saa nane mchana, mimi na shemeji yangu, Mluhya wa Busia, kila mtu na pikipiki yake. Makupa, Changamwe, Miritini, Mazeras, huko hakuna cha kusimulia ila moshi. Karibu na mizani ya Mariakani malori yalikuwa yamepangana mpaka tukaanza kupita kwa kubembeleza. Muda wetu wote ulipotelea hapo. Samburu mvua ya vuli ikatunyeshea, Taru ikakatika, na Mackinnon Road tukafika magharibi inaadhiniwa. Tukasali kwenye ule msikiti wa kando ya reli alipozikwa Sayyid Baghali, ambapo madereva wa njia hii wamezoea kusimama. Tulipotoka giza lilikuwa limeshafunga.

Nikabonyeza swichi. Relei ikagonga, tak, na kingo zote mbili za lami zikatokea. Mpaka Maungu hakuna lori hata moja lililonipigia ful kunilalamikia.

Maungu ndipo unapoacha lami na kushika murram ya kwenda Kasigau. Mama wa kibanda cha chai alituonya: kumenyesha, ndovu wanatembea. Sishauri mtu yeyote aingie njia ile usiku. Sisi tuliingia kwa sababu mwenyeji wetu alikuwa akitungoja Rukanga, na tukakubaliana tusipite kilomita 30 kwa saa. Taa zangu ziko chini, kwenye vyuma vya kukinga injini, na mwanga unaotoka chini hulaza vivuli virefu. Kila jiwe, kila mtaro uliochimbwa na maji, ulikuwa na kivuli chake, nikaisoma njia kama maandishi. Taa kubwa pekee, kwa vile inamulika kutoka juu, huifanya njia hiyo hiyo ionekane tambarare.

Kisha mbele, mwanga ulipoishia, kitu nilichodhani ni kichuguu kikatikisa sikio.

Nilizima zile taa mbili za LED, nikaweka dim, nikasimama. Shemeji akasimama nyuma yangu. Walikuwa watatu, wekundu kwa udongo wa Tsavo, wakavuka kwa raha zao bila kutugeukia. Tulingoja mpaka vijiti vikaacha kuvunjika.

Rukanga tulimkuta mwenyeji wetu, mzee mmoja, amekaa nje. Alituonyesha mahali pa hema katika uwanja wake, na mimi, kwa haraka, nikawasha taa za mbele nitafute kigingi. Injini ilikuwa inaunguruma, betri salama, lakini kumbikumbi! Mvua imekatika, mwanga mweupe umewaka, wakaja kama pumba zilizopepetwa. Shemeji alifurahi kama mtoto, akaomba karai la maji akaliweka chini ya taa, na baada ya robo saa alikuwa na kitoweo. Mimi nilikuwa nawatema. Nikazima, nikafungua sanduku, nikawasha utepe wa manjano. Wadudu wakabaki wachache. Tukapika, tukala, mzee akaketi nasi kwenye ule mwanga mdogo akitueleza njia ya kupanda mlima, mpaka saa tano.

Asubuhi, Kasigau umevaa wingu kichwani, niligeuza ufunguo na kuangalia kipima volti kabla ya kugusa stata: 12.4. Ikawaka mara moja.

Mzee alikuwa amesimama kando, anautazama ule utepe.

"Kijana, hiyo inakubali betri ya sola?"

"Inakubali, mzee, ikiwa ni ya volti 12."

Utepe wa volti 12 una alama ya mkasi kila baada ya taa tatu. Nikaubandua, nikaukata katikati kwa wembe, nikamfungia nusu juu ya mlango wa jikoni kwake. Iliyobaki ndiyo niliyorudi nayo Mombasa, nusu mita, na mpaka leo ndiyo ninayopikia.