Mchungaji Ndani ya Tundu: Siku Moja Kwenye Kibanda Changu cha CD, Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia, naizima, inalia tena. Chai, mtoto kwa nyanya yake, tuktuk kutoka Nyalenda hadi mjini. Saa mbili kasoro nimeshafungua. Hayo hayana hadithi.

Nikitaja kazi yangu watu hucheka. Nachapa juu ya CD na DVD: ile picha na yale maandishi ya rangi upande wa juu. Si stika, ni wino wenyewe umekaa kwenye diski. "Kwani CD bado zinanunuliwa?" Zinanunuliwa. Kuna kwaya za makanisa, kuna familia zinazorekodi mazishi, kuna wazee huko mashambani wenye deki zao ambao hawataki kusikia habari ya bando. Wengine hunidhania muuza filamu za wizi. Leo kabla sijamaliza kufagia, kijana amechungulia dirishani: "Siz, uko na muvi mpya?" Sina muvi. Nina wino.

Saa mbili na robo napima nozeli, vile vitundu vidogo vinavyotema wino. Printa yangu ina chupa sita za wino, na asubuhi lazima nichape karatasi ya mistari nione kama kuna rangi iliyoziba. Leo samawati imekatika sehemu tatu. Nasafisha mara moja, nasubiri, napima tena. Imekubali. Ukiruka hatua hii, bibi arusi atatoka na uso wa rangi ya chungwa, na lawama ni zako.

Saa tatu na dakika kumi anaingia Mwalimu.

Ni mwalimu mstaafu, kiongozi wa kwaya moja huko Ugunja. Koti, kalamu mbili mfukoni, mfuko wa karatasi mkononi. Kwaya inazindua albamu Jumapili na leo ni Ijumaa. Anataka CD 120 na matatu yake inaondoka saa kumi na moja jioni. "Binti yangu, nimekurahisishia kazi. Diski nimekuja nazo." Anafungua mfuko. Diski 120, zote za kung'aa.

Nikamwambia, "Mwalimu, hizi hazishiki wino."

"Diski ni diski."

Diski ya kuchapwa kwa printa ya wino ina uso mweupe uliopakwa tabaka linalofyonza, kama karatasi ya picha. Hiyo ya kung'aa imepakwa vanishi tu. Kumwelezea kwa mdomo kukashindikana, basi nikachukua moja yake, nikaiweka kwenye trei, nikaichapa. Ikatoka. Wino umejikusanya matonematone kama maji juu ya jani la nduma. Nikapitisha kidole, nusu ya kwaya ikahamia kidoleni.

Mwalimu akaitazama. "Si itakauka?"

Haikauki, Mwalimu. Hata ukingoja hadi Pasaka.

Akataka stika. Nikamwambia stika ikibandikwa milimita chache tu kando, diski inayumba inapozunguka, na kwenye redio ya gari lenye joto inabanduka ndani kwa ndani na hutoi tena. Akasema basi jirani anayechapa fulana kwa fremu ya hariri, yule pale, si anachapa hata kwenye plastiki? Wazo si baya. Viwandani diski hupigwa hivyohivyo, kila rangi na fremu yake, ila wino wao hukauka papo hapo chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Wino wa fulana huhitaji joto la nyuzi 160 hivi, na plastiki ya CD huanza kulegea karibu na 147. Tungepata chapati.

Njia pekee ya kuokoa diski zake ilikuwa mashine yangu ndogo ya Casio ya utepe, niliyoinunua mitumba. Inayeyusha utepe kwa joto na kubandika maandishi kwenye uso wa kung'aa, makavu hapohapo, huwezi kuyafuta kwa mate. Nikamwonyesha. Jina la kwaya, jina la albamu, rangi nyeusi, safi kabisa.

"Na picha?"

"Hii ni ya maandishi tu."

"Mchungaji lazima aonekane."

Kimya. Akaichukua ile diski niliyoiharibu, akatoa funguo mfukoni, akaanza kuukwangua wino ili "isipotee bure." Nikamshika mkono lakini nilichelewa. Kipande kidogo cha rangi ya fedha kama gamba la omena kilikuwa kimebaki kwenye ncha ya ufunguo. Nikainua diski dirishani, mwanga ukapita pale pale palipokwanguliwa.

Watu wengi huogopa kukwaruza upande wa chini. Kumbe kwenye CD nyimbo zimekaa upande wa juu, chini tu ya lebo. Leza hupenya plastiki yote ya milimita 1.2 ndiyo izifikie. Upande wa lebo zina kifuniko cha vanishi peke yake. DVD ina nafuu, maana data yake imebanwa katikati ya vipande viwili kama siagi kwenye mkate. Ndiyo maana nikiona mtu anaandika juu ya CD kwa kalamu ya bolpeni roho hunipaa.

Mwalimu alichungulia kile kitundu muda mrefu. "Kwa hiyo hapa palikuwa na wimbo?"

"Hii ilikuwa tupu. Lakini kwa hapo karibu na katikati, ingekuwa wimbo wa kwanza. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje."

Hapo ndipo alipokaa kwenye stuli na kuuliza bei ya diski nyeupe. Nikakubali kupokea za kung'aa, nitazitumia kwa kazi za utepe, aongeze tofauti. Tulibishana juu ya shilingi 5 kwa diski hadi chai ikapoa. Nilishindwa mimi.

Saa tano na ushei. Nikaiweka kazi yake kwenye mnara wa kuchomea, mashine inayonakili nyimbo kwenye diski tupu, diski 7 kwa mkupuo, maana huwa nachoma kwanza ndipo nichape. Diski ikigoma kuchomeka sijapoteza wino. Kisha nikafungua picha.

Picha ilitumwa kwa WhatsApp, kwa hiyo imebanwa hadi nyuso zikawa kama uji. Hilo tungevumilia. Wanakwaya 34 kwenye ngazi za kanisa, sare za zambarau, na katikati kabisa, ameketi kwenye kiti, mchungaji.

Katikati ya diski kuna tundu.

Tundu lenyewe ni milimita 15, na kwenye diski zangu wino huanzia kama milimita 22. Nikaiweka picha kwenye duara ili Mwalimu ajionee. Kwaya yote inatabasamu kulizunguka shimo, na miguu miwili ya viatu vyeusi inaning'inia chini yake.

Sikucheka. Najisifu kwa hilo.

Nikaishusha picha, mchungaji akapona lakini safu ya sauti ya nne ikakatwa miguu. Nikaipandisha, sauti ya kwanza ikapotea vichwa. "Hao ni wake wa wazee wa kanisa," akasema, "hawawezi kukosa vichwa." Nikaipunguza, nyuso zikawa punje za wimbi. Mwisho nikamkata mchungaji, nikamweka peke yake juu, kwaya nikaigawa mbili kushoto na kulia. Mwalimu akasogea hadi pua ikagusa skrini, akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu. 34. Akahesabu tena.

Printa inachukua dakika 2 kwa kila diski, na trei inabeba moja. Hapo ndipo watu wanapodhani nabonyeza kitufe tu. Weka diski, shika pembeni usiache alama ya kidole, sukuma trei mpaka mshale ukutane na mshale, subiri, vuta, tandaza kwenye kreti ya mkate, weka nyingine. Mara 120. Chakula cha mchana ni chapati niliyoila kwa mkono wa kushoto. Mgongo ulianza kuuma kwenye diski ya arobaini na kitu.

Halafu mbingu zikajikunja huko ziwani, kama kawaida ya Kisumu alasiri, na ngurumo ya pili ikaenda na stima. Diski ya 79 ilikuwa katikati ya safari, mchungaji ana paji la uso tu. Ukiirudisha ichapwe upya, picha haikai juu ya ile ya kwanza, anakuwa na macho manne. Naitupa.

Tukakaa gizani, mimi na Mwalimu, mvua ikipiga mabati hata hatusikilizani. Akaniuliza nilisomea wapi haya. Nikamwambia hapa hapa, kwa kuharibu. Akatikisa kichwa, akaanza kuimba pole pole wimbo wa tatu wa albamu, besi, kalamu ikipiga goti.

Stima zilirudi sijui saa ngapi. Nilimaliza wakati matatu yake imeshaondoka, akapigia dereva wa nyingine. Alitaka kuzipanga zote kwenye mfuko mara moja. Nikamkatalia: mvua imeleta unyevu, wino haujakauka sawasawa, ukizibana lebo ya hii itajichapa kwenye tumbo la ile. Nikaziwasha feni, nikaweka karatasi kati ya kila mbili, nikamwapisha asizipange bila karatasi hadi kesho jioni, na mtu asizishike kwa mikono iliyolowa. Aliondoka na katoni mbili kifuani kama anabeba mayai.

Printa nimeizima kwa kitufe chake, si ukutani, ili kichwa cha wino kirudi kwenye kifuniko chake kisikauke. Vidole vyangu ni vya zambarau, sare ya kwaya ile ile. Nilipoinama kuchomoa waya wa kompyuta nikaiona flashi ya Mwalimu bado imechomekwa, ina kamba nyekundu. Nimeitia kwenye kopo la flashi zilizosahaulika. Ni ya saba mwaka huu.