Wastani ni 10, ila idadi inayojitokeza mara nyingi zaidi ni 1

Wiki mbili nimehangaika na modeli ya kelele za APD, zile fotodayodi (vihisi vya mwanga) zenye maporomoko ndani, yaani fotoni inaingia, inazaa elektroni moja, volteji inaisukuma hadi inagonga na kung'oa nyingine, nazo zinaenda kugonga zingine, mpaka mwisho unapata mkondo wa kupimika. Mimi nilichukua kelele za kawaida za mkondo nikazidisha kwa M², basi; M ni gaini, yaani wastani wa elektroni zinazotoka kwa kila moja inayoingia. Grafu zikatoka safi, ila vipimo vya mezani vikawa na kelele nyingi zaidi kuliko modeli ilivyosema.

Ikabidi nirudi kwa elektroni moja. Nikaandika simulesheni fupi ambayo elektroni pekee ndo zinagonga, matundu (nafasi tupu zinazoachwa na elektroni zilizong'olewa) hayafanyi kitu, M nikaweka 10, nikarusha laki moja, moja baada ya nyingine, nikihesabu kila moja imetoka na ngapi. Nilitegemea kilima kimekaa kwenye 10. Wapi! Baa ndefu kuliko zote ni ya 1. Elektroni moja kati ya kumi inapita bila kugonga kitu, halafu histogramu inateremka taratibu kwenda kulia, na kama nne katika kila mia zinatoka na zaidi ya 30. Niliikodolea macho ile picha muda mrefu, maana kelele nilizokuwa nazisaka kwenye amplifaya na nyaya zilikuwa palepale, kwenye kule kuzaliana kwenyewe.

Mtafiti McIntyre alishaiweka kwenye hesabu tangu 1966, kwamba unazidisha tena kwa kigezo F, cha kelele za ziada:

F = kM + (1 − k)(2 − 1/M)

Hiyo k inasema matundu yanagonga kiasi gani ukilinganisha na elektroni, ikiwa elektroni ndo imeanzisha. Ukiweka k sifuri na M 10 unapata 1.9, na simulesheni yangu ikaniletea hiyohiyo, nilifurahi sana. Balaa linaanza matundu yakigonga pia, kwa sababu yenyewe yanakimbia upande wa pili, yanarudi yalikotoka maporomoko na kuanzisha mengine, elektroni zake zinasonga mbele tena, na kila mzunguko unaongeza ubahatishaji. Silikoni ina k karibu 0.02, hata M ikiwa 100 F haifiki 4. Za InGaAs zinazokuzia kwenye InP (hizi nazo ni semikondakta) matundu ndo huanzisha, kwa hiyo k inageuzwa, elektroni kwa matundu, nayo inacheza 0.4 hadi 0.5, hapo M ya 10 tu F imeshapita 5. Jerimaniamu k inakaribia 1, kwa hiyo F inakaribia M yenyewe!

Kingine nilichokosea ni mkondo wa giza, yaani ule unaopita hata bila mwanga, niliuzidisha wote, kumbe ule unaovuja juujuu haupiti eneo la kuzaliana, haukuzwi. Utenganishe.

Na usiongeze volteji ovyo. Kelele za amplifaya hazikui na M, kwa hiyo mwanzoni unapata faida, ila ishara na kelele zake zinakua pamoja, tena kelele zinatangulia kwa ajili ya F, zikishazizidi za amplifaya vya kutosha unaanza kupoteza.

Sasa hivi nipo kwenye dayodi zenye tabaka nyembamba la kuzaliana. Elektroni ikishagonga inahitaji kukimbia kwanza umbali fulani ipate nguvu ya kugonga tena, na fomula ya 1966 haihesabu huo umbali, ndo maana dayodi nyembamba hupimwa na F ndogo kuliko inavyotabiri. Lupu yangu nimeifumua yote, kila elektroni sasa inabeba kumbukumbu ya mahali ilipogonga mara ya mwisho.