Mtaro Wangu na Bamvua

Nilifika Lindi kwa kazi yangu ya kwanza nikiwa na buti mpya na kiburi cha mtu aliyetoka chuo juzi. Nikapewa kijito kinachoteremka kutoka vilima vya nyuma ya mji hadi ghubani. Kiangazi unakiruka bila kukunja suruali. Masika kinaingia majumbani. Agizo lilikuwa tukinyooshe na kukijengea kwa zege.

Hesabu zilinifurahisha sana. Namba ya mkwaruzo, yaani jinsi mfereji unavyoyazuia maji, kwa zege ni kama 0.015, ya mfereji wa udongo wenye nyasi ni 0.03 kwenda juu. Kwa mteremko na kina kilekile, basi, maji kwenye zege hukimbia mara mbili. Yakikimbia hayakai, yasipokaa hayafuriki. Nikaona nimemaliza.

Chini, karibu na mikoko, kulikuwa na bonde la majaruba ya mpunga. Tulilijaza kifusi ili mtaro upite moja kwa moja, na viwanja vipatikane. Bibi mmoja aliyekuwa akilima pale alikuja kusimama juu ya kifusi, jembe begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa maji yakija yatalala wapi?"

Nikamwambia hayatalala, yataenda baharini. Akageuka kutazama upande wa Kitunda, ng'ambo.

"Na bahari ikiwa imejaa?"

Nikamjibu kwa ule upole wa kumkatisha mtu mzima maneno, kwamba tumeshapima. Kweli tulipima, lakini mvua tu. Kwenye michoro yangu bahari ilikuwa mstari wa buluu, umetulia ukingoni mwa karatasi, haupwi wala haujai.

Masika yaliyofuata, mvua ilianza usiku wa manane. Nilitoka na tochi, na nakiri nilitoka kwa furaha: nilitaka kuuona mtaro ukifanya kazi. Ulifanya. Maji yalipita yakinguruma, yamebeba makuti, ndala, na beseni moja jekundu la plastiki. Nikalifuata lile beseni nikitembea kasi. Karibu na mdomo wa mtaro likapunguza mwendo. Likasimama. Likazunguka mara mbili tatu, kisha likaanza kunirudia.

Ilikuwa yapata saa kumi alfajiri. Mwezi ulikuwa wa kumi na nne, na kwenye pwani yetu bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa kwenye saa hizo, maji yakipanda zaidi ya mita 3 kutoka yanapopwa. Bahari ilikuwa imeziba mlango, na mimi nilikuwa naisukumia maji kwa kasi maradufu. Lile bonde lililokuwa likiyapokea na kuyashikilia hadi maji yapwe, nililifukia mwenyewe.

Yakaingia kwenye viwanja vipya, kisha kwenye nyumba za zamani ambazo hazijawahi kulowa. Watu walipandisha magodoro juu ya meza, watoto juu ya magodoro. Hakufa mtu. Bahari ilipokupwa maji yaliondoka kama pipa lililotobolewa, tukabaki na tope na vyura.

Asubuhi nilipita na chaki kupiga alama ya maji ukutani, nyumba kwa nyumba. Kwa bibi ilifika chini kidogo ya dirisha. Alikuwa akianika mbegu zake za mpunga juu ya mkeka. Hakunigombeza. "Ungeniuliza mwezi," alisema, akaendelea kutandaza.

Niliomba bonde lirudishwe. Viwanja vilikuwa vimeshauzwa. Miaka baadaye nilisoma habari za mto Kallang kule Singapore, kwenye bustani ya Bishan: mwaka 2012 walikamilisha kazi ya kubomoa mfereji wa zege wa kilomita 2.7 na kuupindisha mto tena hadi ukafika kilomita 3.2, kingo zake nyasi, mvua ikizidi mto unatanuka ndani ya bustani. Nikacheka peke yangu. Jaruba lile, ila lina viti vya kupumzikia.

Hatua iliyochukuliwa kwetu ilikuwa nyingine. Walikuja vijana na kopo la rangi nyekundu, wakitaja mita 60 za kutojenga kutoka ukingo wa maji, za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Viwanja vya kwenye kifusi, vilivyo karibu zaidi na maji, vilikuwa na hati, wakavipita. Nyumba ya bibi haikuwa nayo. Ile X waliipiga chini ya dirisha, juu ya mstari wangu wa chaki.