Bogenvilia ya mke wangu na hoho zangu

Hoho zangu zimepigwa batobato tena, majani yamejikunja, mabaka ya njano kila mahali, na virusi vikishaingia kwenye mmea dawa hakuna, ni kung'oa tu na kuchoma. Usiku nikakaa na simu nasoma, nikaangukia kwenye gugu moja la Marekani, Phytolacca americana.

Basi mwaka 1925 jamaa wawili, Duggar na Armstrong, waligundua ukichanganya maji ya hilo gugu na virusi vya batobato ya tumbaku, ugonjwa unagoma kushika. Baadaye ikajulikana ni protini, inaitwa PAP, ipo hadi kwenye majani. Mi nikadhani inamfukuza kirusi, kumbe wapi! Inaenda kwenye ribosomu, vile viwanda vya kutengeneza protini ndani ya seli, inanyofoa adenini moja tu, yaani herufi moja ya kikemia katika mlolongo wa RNA wa ribosomu wenye herufi zaidi ya 3,000, kiwanda kwisha kazi. Na kirusi hana kiwanda chake, anadandia cha mwenyeji, sasa akikuta pamezimwa atazalianaje?

Swali likawa mbona mmea haujiui wenyewe. Jibu ni kwamba protini imewekwa nje, kwenye ukuta wa seli, na wanavyoeleza ni kuwa jani likijeruhiwa kirusi akapita, protini nayo inapenya humohumo, seli inakufa na mgeni wake, majirani wanasalimika. Roho mbaya ya aina yake hiyo. (Na asije mtu akachemsha akanywa, ribosomu zako nazo zinanyofoleka vilevile.)

Ndugu wa gugu hilo yuko huku kwetu Afrika, ni ule mmea endod wa Ethiopia ambao mwanasayansi wa huko, Aklilu Lemma, mwaka 1964 aliona kina mama wanafulia nguo na konokono wa mtoni wanakufa, ikawa habari ya kupambana na kichocho, maana konokono ndio wanaokibeba. Ile ni kazi ya matunda, ila majani yake nayo yana protini ya ukoo huuhuu, dodekandrini.

Kilichoniamsha kitandani ni kwamba hata bogenvilia zina protini za namna hiyo! Maji ya majani yake yamejaribiwa kwenye tumbaku, yakinyunyizwa kabla kirusi hajafika yanazuia. Kabla, siyo baada, kwa hiyo hoho zilizougua nimezing'oa zote, nikatwanga majani, nikachuja kwa kitambaa, miche mitano nimeinyunyizia na mitano nimeiacha hivyohivyo nione. Mke wangu kaamka asubuhi anauliza nani kaipogoa bogenvilia yake ikabaki fito.