Siku moja maishani mwangu: miji mitatu, mabasi manne

Simu ililia saa kumi na robo alfajiri. Kwetu simu ya saa hizo ni ya msiba, kwa hiyo niliipokea nimeshakaa kitandani, mkono kifuani.

"Shikamoo Mwalimu. Huku Korogwe mvua haijakata tangu saa sita. Uwanja wa mpira wa mikono umekuwa bwawa."

Alhamdulillahi, hajafa mtu. Nikatafuta kanga nikaenda kuwasha jiko.

Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari hapa Tanga, na wiki hii nimeazimwa na kamati ya usafiri ya mashindano ya mkoa. Mtu akisikia mashindano anawaza vikombe na uwanja wa Mkwakwani. Mimi naota matairi. Mkoa wetu una halmashauri 11. Ukitaka kila timu ya mpira wa miguu ikutane na kila mwenzake, hizo ni mechi 55, mchezo mmoja tu huo. Ukizigawa makundi mawili, la timu 6 na la timu 5, zinashuka hadi 25 kabla ya nusu fainali. Bado hujagusa netiboli, wavu, mpira wa mikono na riadha. Na watoto hao wote wanalala wapi? Mabweni ya shule ndiyo hoteli zetu, na ya mji mmoja hayatoshi. Basi tukagawa: mpira wa miguu na riadha Tanga, netiboli na wavu Muheza, mpira wa mikono Korogwe. Kwenye karatasi ilipendeza mno.

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa nje ya Mkwakwani, nahesabu mabasi. Manne, yote yapo. Watoto wa Lushoto, kule milimani kwenye baridi, walikuwa wameshapanda, wamevaa masweta na joto letu hili. Nadhani mama zao waliwaapiza wasiyavue.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo tunakwenda wapi, maana jana ulisema Muheza tukaishia Korogwe."

Dereva huyu umri wake ni wa baba yangu, na hazidishi 80 kwa saa hata akifukuzwa na nyuki. Nilimwambia kuhusu mvua. Mechi za mpira wa mikono tungezihamishia Muheza, penye kiwanja cha shule kisichotuamisha maji. Kiwanja chenyewe ni mita 40 kwa 20, chokaa mifuko miwili inatosha kukichora. Shida ilikuwa magoli. Yale ya chuma, mita 3 kwa 2, yako Korogwe, na hayakunjiki.

"Mwambie mwenye fuso ayapakie," alisema mzee, kama mtu anayeagiza chai.

Njiani nikamsimulia ya Thailand, nipunguze wasiwasi wangu mwenyewe. Desemba 2025 walikuwa wenyeji wa michezo ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, na waliipanga Bangkok, Chonburi na Songkhla. Wiki chache kabla ya ufunguzi mafuriko yakaipiga Songkhla, michezo iliyopangwa huko ikabidi ihamishwe.

Mzee akatafakari mpaka tukaikaribia Muheza. "Wao wana ndege na treni," akasema. "Wewe una mimi."

Tulifika Muheza saa mbili kasorobo, na hapo ndipo siku ilipoharibika. Kilindi walikuwa kiwanjani, wameshapasha misuli, mwamuzi wa netiboli na filimbi yake shingoni. Mkinga hawapo. Tukangoja. Saa mbili na robo nikatuma kijana wa baiskeli bwenini, akarudi anacheka: Mkinga wanafua jezi, wengine ndio kwanza wanakunywa uji.

Nilikwenda mwenyewe. Kocha wao, dada mpole sana, akanionyesha ratiba. Imeandikwa "8:00".

"Mwalimu, saa nane si saa nane?"

Kilindi waliisoma kizungu, saa mbili asubuhi. Mkinga waliisoma kama wanavyosoma Waswahili wote, saa nane mchana. Ratiba hiyo niliichapa mimi, kwenye kompyuta ya ofisi, usiku, nikiwa na usingizi. Mwamuzi alitaka kuwapa Kilindi ushindi wa mezani. Nikamwambia kama kuna wa kuadhibiwa, aniadhibu mimi, lakini watoto wacheze. Alinuna, kisha akakubali saa nne, jezi zikiwa mbichi.

Ila basi lile lile la Kilindi ndilo lilitakiwa saa tatu liende Korogwe kufuata timu za mpira wa mikono. Saa moja ikipotea Muheza, ukifika njia panda ya Segera zinakuwa mbili, na Tanga jioni watu wanakaa jukwaani wanatazama nyasi. Nilipiga simu kumi na saba. Nilizihesabu baadaye, salio lilipoisha.

Chakula cha mchana nilikula nimesimama, wali na maharage, machungwa mawili ya Muheza ndiyo yalinirudishia roho. Magoli yalifika saa nane (mchana!) juu ya fuso, yamefungwa kamba za katani, na vijana wameyakalia kama wafalme.

Saa kumi na moja nilirudi Tanga, nikamkuta mwalimu mwenzangu anachora njia za riadha za kesho. Hatuna ukingo wa ndani, chokaa tu, na kila njia ina upana wa mita 1.22. Zidisha kwa 2, kisha kwa 3.14, ndiyo unapata kwamba katika mita 400 wa njia ya pili anaanza mita 7.66 mbele ya wa kwanza, na hivyo hivyo hadi njia ya nane. Kila mwaka kuna mzazi anayelalamika kwamba mtoto wa jirani amepewa upendeleo. Mwenzangu siku hizi hajibu, anampa futi kamba akapime.

Saa tatu usiku nilichapa ratiba upya. Safari hii kila kitu kwa maneno: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na nusu alasiri. Niliisoma mara tatu, nikamsomea na mume wangu, nikaituma kwenye kundi la makocha.

Wa kwanza kujibu alikuwa kocha wa Mkinga.

"Ahsante Mwalimu, sasa imeeleweka. Hii ni ya kesho au ya keshokutwa?"

Tarehe nilikuwa nimesahau kuiweka.